Mizabibu ya Georgia: Jibu kwa Wanaoidharau

Wako Wakristo wenzetu, nao ni watu wema, ambao wakisikia habari za divai hukunja uso na kusema, "Hayo hayatuhusu." Wako na wengine, nao ni watu waliosoma, ambao wakisikia ya kwamba taifa fulani limerudia kutengeneza divai katika mitungi ya udongo iliyozikwa ardhini, hucheka na kusema, "Huko ni kurudi nyuma." Makundi haya mawili hayapatani katika neno lingine lo lote, lakini katika kuidharau kazi ya watu wa Georgia wamepatana kama Herode na Pilato. Mimi nataka kuwajibu wote, kwa kuwa naona dharau yao ina hatari ndani yake. Si hatari kwa Wageorgia, maana hao hawana habari zetu, bali kwetu sisi tulimao.

Kwanza nieleze maneno, tusije tukagombana bure. Nisemapo divai nina maana ya maji ya zabibu yaliyochachuka yenyewe, bila kupikwa wala kukingwa mvuke wake. Sisemi juu ya gongo, wala vodka, wala kileo cho chote kipitacho katika mrija wa mvuke. Wazee wa pwani waliita mvinyo kile kileo kikali. Siku hizi tumeyachanganya majina, na mtu akichanganya majina huchanganya na hukumu.

Na Georgia niisemayo si lile jimbo la Marekani. Ni nchi ndogo, watu wake hawatimii milioni 4, iliyo baina ya Bahari Nyeusi na milima mirefu ya Kaukazi, na jirani yake wa kaskazini ni Mrusi. Msomaji wa kitabu cha Mwanzo atakumbuka ya kuwa safina ilitua juu ya milima ya Ararati, na ya kuwa Nuhu alipotoka alipanda mizabibu. Ararati haiko mbali na nchi hiyo. Sisemi kwamba huo ni ushahidi wa mahakamani. Lakini mwaka 2017 wataalamu walitangaza habari za vigae vilivyofukuliwa katika vilima viwili vya kale, Gadachrili Gora na Shulaveris Gora, kusini ya mji mkuu wa Tbilisi. Walipovipima waliona masalio ya asidi ile ipatikanayo katika zabibu, na umri wa vigae hivyo ni kama miaka 8,000. Yaani watu wa huko walikuwa wakikamua zabibu maelfu ya miaka kabla Ibrahimu hajaondoka Uru.

Ukristo nao uliingia huko mapema, katika karne ya 4, na Wageorgia husimulia ya kuwa Nino, mwanamke aliyewahubiri, alibeba msalaba uliotengenezwa kwa vijiti vya mzabibu vilivyofungwa kwa nywele zake mwenyewe. Mikono ya msalaba huo imelegea kidogo, huteremka kwa pande zote mbili, na hata leo waweza kuuona ukichorwa hivyo makanisani mwao. Watu wa namna hiyo, ukiwaambia ya kwamba mzabibu ni jambo la walevi tu, watakutazama kama mtu aliyepotea njia.

Naanza na wale wa kwanza. Wao husema: divai huleta ulevi, ulevi huvunja nyumba, basi mzabibu na ung'olewe. Maneno ya katikati ni kweli tupu. Mimi ni mwalimu. Nawajua watoto wajao shuleni na njaa kwa sababu fedha ya unga imekwisha kunywewa usiku. Simtetei baba wa namna hiyo. Nuhu mwenyewe, aliyeupanda mzabibu, ndiye aliyelewa akalala uchi hemani mwake, na Maandiko hayakumfichia aibu yake. Lakini tazameni shoka linapopelekwa.

Mwezi wa Mei 1985 Mikhail Gorbachev, aliyekuwa ameushika uongozi wa Muungano wa Kisovieti miezi miwili tu, alitangaza vita juu ya ulevi. Ulevi wenyewe ulikuwa mkubwa kweli kweli, lakini ulikuwa hasa ulevi wa vodka, na vodka haitoki katika mzabibu. Hata hivyo amri ilipofika mashambani, maofisa walitaka kuonyesha bidii, na bidii iliyo nyepesi kuonyeshwa ni kung'oa kitu kisichoweza kukimbia. Mizabibu iking'olewa katika Georgia, na katika Moldova, na kwingineko. Nisiwe mwongo: kwa miaka michache vifo vya ulevi vilipungua, na hilo ni jema, wala mtu asilifiche. Lakini sukari nayo ilitoweka madukani, maana watu waliinunua wakapike kileo chao wenyewe nyumbani, na kabla ya miaka ya 1980 kwisha vita ile ilikuwa imekoma. Vodka ilirudi rafuni mara moja. Mzabibu uliong'olewa haurudi mara moja. Ukipanda mche leo utangoja miaka mitatu au minne kabla haujakupa mavuno ya maana, na ule uliokuwa na miaka 60, mizizi yake ikishuka chini kuliko kisima cha kijiji, huo hutauona tena katika maisha yako.

Tena nina neno moja kwa ndugu hawa. Katika madhehebu mengi ya Kikristo hiyo hiyo divai huletwa mezani pa Bwana. Ilitoka wapi? Mtu fulani aliipogoa mizabibu, akachuma, akakamua, akaosha vyombo, akangoja. Mwenye kukunja uso siku ya Jumatatu juu ya kazi ambayo Jumapili aliinyoshea mikono, na afikiri kidogo. Asiyekunywa asinywe, mimi simwiti, na nidhamu ya kanisa lake naiheshimu. Nalikataa lile la kumhesabu mkulima wa zabibu kuwa mwenye dhambi kwa sababu ya mlevi ambaye hata hajui mzabibu una majani ya namna gani.

Sasa nawageukia wale wenye kucheka, ambao kwa kweli wananiudhi zaidi, kwa sababu wamesoma na hawana udhuru. Wao wameona picha ya mtungi umezikwa, wakahukumu. Hebu niwaeleze mtungi huo.

Waitwa kwevri. Umbo lake ni kama yai kubwa lililosimama juu ya ncha yake. Mfinyanzi huujenga kidogo kidogo, pete ya udongo juu ya pete, akingoja ya chini ikauke kabla hajaongeza ya juu, hata kazi ya chombo kimoja huchukua majuma. Kisha huchomwa katika tanuru kubwa kwa siku nyingi, na ukiwa ungali na joto hupakwa nta ya nyuki kwa ndani, ili nta iingie katika vitundu vidogo vya udongo. Wako walio wadogo kama ndoo, na wako wenye kuchukua lita 1,000 au 2,000 na zaidi. Baada ya hayo huzikwa ardhini hata shingoni, katika nyumba ya divai iitwayo marani, na hapo hukaa. Watu hubadilika juu yake, babu, mwana na mjukuu, lakini mtungi hauondoki.

Wakati wa mavuno, ambao kwao ni Septemba na Oktoba, zabibu hukanyagwa kwa miguu katika hori refu lililochongwa katika gogo moja. Maji yake hutiwa katika kwevri, na katika sehemu ya mashariki, Kakheti, hutiwa pamoja na maganda na kokwa, hata na vijiti. Hakuna chachu inunuliwayo. Ile iliyo juu ya ganda la zabibu yatosha. Ikianza kuchachuka maganda huelea, na mwenyewe huja mara kadhaa kwa siku, mchana na usiku, kuyasukuma chini kwa mti. Kazi ya kuchachuka ikiisha maganda huzama, mdomo hufunikwa kwa jiwe au ubao na kuzibwa kwa udongo, na watu wakaenda zao hata masika ya kwao.

Na sasa angalieni akili iliyomo. Chini ya ardhi jua la mchana halifiki wala baridi ya usiku haifiki. Divai hukaa katika ubaridi usiobadilika sana, bila mashine, bila mafuta, bila umeme. Na ile ncha ya chini, ambayo mcheshi hudhani ni ufundi mbaya wa mfinyanzi aliyeshindwa kutengeneza kitako, ndiyo siri yenyewe: kokwa zenye uchungu hutangulia kuzama zikajikusanya katika ncha, masimbi mazito yakazifunika, na divai yote iliyo juu haizigusi ila kwa sehemu ndogo sana. Mwenye kiwanda hununua chujio kwa kazi kama hiyo. Zabibu nyeupe zikitengenezwa hivi hazitoi divai nyeupe, bali yenye rangi ya kaharabu, yenye ukali wa ganda ndani yake. Baada ya miezi mitano au sita mtungi hufunguliwa, divai huhamishwa, na yale makapi yabakiayo huitwa kwa lugha yao chacha. Naam, chacha! Sisemi ya kuwa lugha zetu ni ndugu. Lakini nilipolisoma neno hilo nilitabasamu, na Mswahili ye yote atanisamehe.

Mwaka 2013 UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa la elimu na utamaduni, liliiandika kazi hii ya kwevri katika orodha ya urithi wa wanadamu wote. Wenye kucheka hupenda sana vyeti. Basi na hicho ni cheti.

Lakini nisipite bila kuwagusa wale wa upande wa tatu, ambao hawakutajwa mwanzoni: wapenda-kale, wasemao ya kuwa kila cha zamani ni kizuri kwa sababu ni cha zamani. Hao nao ni mzigo. Mtungi mchafu hutoa siki, hata kama mwenye mtungi ana miaka 8,000 nyuma yake. Kwevri huoshwa kwa maji na kusuguliwa kwa brashi ya maganda ya mcheri iliyofungwa mtini, na ukiwa mkubwa mtu huingia ndani mwenyewe; asiyependa kuinama asijisifu kwa habari za babu zake. Nyumba nyingi za Georgia zilitoa divai mbaya, yenye harufu, na waliofufua kazi hii vizuri ni wale waliochukua usafi na vipimo vya wataalamu wakaviingiza katika marani ya mababu, bila kuitupa marani.

Nasema "waliofufua", kwa kuwa kazi hii ilikuwa karibu kufa. Na jinsi ilivyokaribia kufa ndilo fundisho ambalo wacheshi wetu hawalioni.

Haikukaribia kufa kwa sababu ya adui mwenye upanga, ingawa hao walikuja. Shah Abbas wa Uajemi aliiharibu Kakheti mwanzo wa karne ya 17, akawahamisha watu kwa makumi ya maelfu, na mashamba yakawa ukiwa. Waliobaki wakapanda tena. Mwisho wa karne ya 19 kikaja kidudu kiitwacho filoksera, kifyonzacho mizizi, kile kile kilichotoka Marekani na kuiangamiza mizabibu ya Ufaransa. Wakajifunza kuunganisha matawi yao juu ya mizizi ya Kimarekani ambayo kidudu hakiiwezi, wakapanda tena. Kilichokaribia kuwaua ni mnunuzi mmoja.

Jeshi Jekundu liliingia mwaka 1921. Baadaye mashamba yakafanywa ya shirika, na divai ikawa kazi ya viwanda vya serikali, ambavyo mteja wao mkuu alikuwa Urusi. (Stalin alikuwa Mgeorgia, mzaliwa wa mji wa Gori, Ugeorgia wake haukuwapunguzia wakulima wa kwao cho chote.) Mpango uliotoka juu ulihesabu tani, wala haukuwa na safu ya kuandikia ladha. Basi mkulima aliyepeleka zabibu nyingi alisifiwa, na aliyepeleka zabibu nzuri chache aliulizwa kwa nini ni chache. Nchi ile ina aina za mizabibu ya asili zaidi ya 500, kila bonde na yake. Lakini viwanda vilitaka chache zizaazo sana na zisizosumbua, kama Rkatsiteli kwa divai nyeupe na Saperavi kwa nyekundu. Hizo ni aina njema, sizitukani. Lakini nyingine zilisukumwa kando, moja moja, hata nyingi zikabaki safu mbili tatu nyuma ya nyumba ya mzee fulani, jina lake likijulikana na yeye peke yake.

Na hapo ndipo penye wokovu wake. Kila nyumba iliachiwa kipande chake kidogo. Mchana mtu alipeleka zabibu kiwandani kwa mizani. Jioni alikamua zile za uani akazitia katika kwevri ya babu yake, kwa ajili ya harusi, na msiba, na mgeni atakayebisha hodi. Hakuna mpango ulioandika hayo. Hakuna aliyeyahesabu. Kama nyumba zile zingalisikiliza wacheshi wa zama zao, waliokuwapo, tena wengi, wakisema ya kuwa mtungi ni ushamba na tangi la chuma ndilo elimu, leo pasingalikuwa na kitu cha kufufua; pangalikuwa na vigae vya kuonyeshwa wageni.

Georgia ilipopata uhuru wake tena mwaka 1991 mambo hayakutengenea upesi. Palikuwa na vita, na njaa, na giza. Palikuwa na divai ya uongo iliyouzwa kwa majina ya kweli, jambo lililoharibu sifa ya nchi nzima. Na wauzaji wakaendelea kumtazama mteja yule yule wa kaskazini. Mwezi wa Machi 2006 Urusi ikafunga mlango kwa neno moja. Ilisema ya kuwa divai ya Georgia ina sumu za dawa za mashambani. Wageorgia wakasema ya kuwa sababu ni siasa. Na ugomvi wa nchi hizo mbili, uliozaa vita vya Agosti 2008, ulitia nguvu maneno ya Wageorgia. Iwe sababu ni hii au ile, mkulima wa Kakheti aliamka asubuhi akakuta zabibu zake hazina mwenyewe.

Hapa nataka msomaji asimame kidogo, maana hapa ndipo penye shauri langu lote. Zabibu iliyochumwa haingoji. Leo ni nzuri, baada ya siku chache ni takataka na nzi. Kwa hiyo mwenye zabibu tu, asiye na chombo, hana sauti mbele ya mnunuzi. Bei ni ile atakayoitaja mwenye gari. Bali mwenye kwevri tupu na safi chini ya nyumba yake aweza kuzitia zabibu zake humo na kungoja. Aweza kumngoja mnunuzi wa pili, na wa tatu, hata wa mwaka ujao. Mtungi ule ambao wasomi wetu waucheka ni ghala, na mwenye ghala na asiye na ghala hawaongei na mfanya biashara kwa sauti moja.

Wengine husema ya kwamba ni marufuku ile ya Urusi iliyowafumbua macho, au ni wageni waliowafundisha kuithamini mali yao. Maneno hayo yana nusu ya kweli, na nusu ya kweli hupotosha kuliko uongo mzima. Soliko Tsaishvili na rafiki zake walianza kutengeneza divai yao ya kwevri kwa ajili ya soko mwaka 2003, kabla ya marufuku. Watawa wa Alaverdi katika Kakheti, ambako kanisa kuu la karne ya 11 lasimama katikati ya uwanda, walirudia kazi ya divai ya monasteri yao mwaka 2006, na mitungi ya wazee wao ilikuwapo chini ya ardhi ikiwangoja. Na yule mchoraji wa Kimarekani, John Wurdeman, ambaye watu humtaja sana, hakujituma mwenyewe. Alikuwa akichora picha shambani, na mkulima Gela Patalishvili, ambaye ukoo wake ulikuwa katika kazi hii kwa vizazi vingi, ndiye aliyemwendea akamwita na kumsihi wafanye kazi pamoja. Mwaka 2007 wakaanzisha nyumba yao ya divai katika mji wa Sighnaghi. Mgeni alileta macho ya kwao na njia za soko. Mtungi, mche na ujuzi havikutoka kwake.

Wakatafuta wateja Ulaya, na Japani, na Marekani, wakaona ya kuwa huko hawataki tani. Wataka kitu ambacho hakipatikani pengine po pote. Zile aina zilizosukumwa kando zikaanza kutafutwa nyuma ya nyumba za wazee, zikapandwa tena katika vitalu vya serikali na vya watu. Wafinyanzi wa kwevri, waliokuwa wamebaki wachache sana katika vijiji vichache, wakapata kazi kuliko wawezavyo kuimaliza.

Je, nawasifu mno? Basi na lawama yao waipate. Mwaka 2013 Urusi ilifungua mlango tena, na wauzaji wakubwa walikimbilia huko kama kwamba hawakufungiwa kamwe. Mwaka 2023 Georgia iliuza nje zaidi ya lita milioni 100 za divai, na zaidi ya nusu ilikwenda Urusi. Divai ya kwevri, ile iliyowapa jina duniani, ni sehemu ndogo tu ya hizo. Mwaka 2006 ulikuwa mwalimu mkali, na wanafunzi wakubwa wamefunga daftari. Kama mlango utafungwa tena, mimi sitashangaa, na wenye mitungi hawatashangaa. Watakaolia ni wale wenye kuuza zabibu tupu.

Msomaji ataniuliza: hayo ya Wageorgia na Warusi yatufaa nini sisi? Mwulize mkulima wa karafuu wa Unguja na Pemba. Kwa miaka mingi Indonesia ilinunua sehemu kubwa ya karafuu hizo kwa ajili ya sigara za watu wake. Kisha wakapanda mikarafuu yao wenyewe, na katika miaka ya 1980 hawakuwa na haja tena. Mikarafuu ya Pemba ilikuwa ile ile, harufu ile ile. Mnunuzi ndiye aliyeondoka.

Na tunayo mizabibu yetu. Nchi ya Wagogo, Dodoma, ililetewa mizabibu na wamisionari katika miaka ya 1950, wapate divai ya Misa, na ardhi ile kavu, ambayo watu waliidhani ni ya mbuyu na mbuzi tu, ikaipokea vizuri hata ikavunwa mara mbili kwa mwaka, jambo lisilowezekana Ulaya. Sasa ni riziki ya watu wengi. Lakini ni mara ngapi tumesikia kilio cha wakulima wa huko, kwamba zabibu zimeiva na wanunuzi hawakuja, au wamekuja na bei ya kudhihaki? Sababu ni ile ile niliyoieleza: wengi huuza zabibu, na zabibu haingoji.

Hivyo wako watu, na serikali nayo, wasemao ya kwamba wakulima wafundishwe kukamua wenyewe, wawe na matangi yao, kwa umoja na kwa kibali cha sheria, ili wauze divai badala ya matunda. Mara ndugu yetu wa kwanza hukunja uso: mnawafundisha Wakristo ulevi! Na wa pili hucheka: kiwanda cha wanakijiji, ni kiwanda gani hicho? Maneno yao hayazuii jua kuchomoza wala zabibu kuiva. Mimi sisemi Dodoma waige kwevri. Udongo wao ni mwingine, na jua lao ni lingine, na wataalamu wa Makutupora ndio wa kuulizwa ni chombo gani kitafaa. Nasema wawe na chombo, cho chote kile kilicho safi na chenye kungoja.

Nabothi alikataa kumpa Ahabu shamba lake la mizabibu ingawa aliahidiwa lililo bora zaidi au fedha, akasema kwamba ni urithi wa baba zake. Wengi wetu tumelihubiri neno hilo. Sasa na wahubiri wanijibu katika kurasa hizi, kwa hesabu na si kwa kukunja uso: mjane mwenye nusu eka, zabibu zake zimeiva tangu Jumatatu, gari la mnunuzi halikuja, na leo ni Alhamisi, mnamshauri azitie wapi?